Barabara ya Fungurume hadi Sankisia: njia iliyokatwa ili mashua mbili za vita zipite

Wengi wanaopita Fungurume leo wanaijua kwa ajili ya shaba na kobalti. Lakini mwaka wa 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, hapo ndipo ilipoanzia barabara iliyokatwa kwa shabaha moja tu: kufikisha mashua mbili za vita kwenye ziwa Tanganyika.

Wakati huo Wajerumani walitawala ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma. Mwezi wa Agosti 1914, meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, ilishambuliwa na kuharibiwa karibu na mlango wa mto Lukuga, mahali panapoitwa Kalemie sasa. Kuanzia hapo meli za Wajerumani zilikwenda zitakako. Wabelgiji hawakuweza kuvusha askari, na pwani yote ya Kongo ilikuwa wazi kushambuliwa.

Waingereza wakaamua kuleta mashua mbili zenye mwendo wa kasi, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa meta 12 hivi. Zilitoka London kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni kupitia Elisabethville, yaani Lubumbashi, hadi Fungurume. Hapo reli ikaisha. Mbele kulikuwa na milima ya Mitumba, na reli nyingine ndogo ilianzia Sankisia kuelekea Bukama, kwenye mto Lualaba. Kati ya reli hizo mbili kulikuwa na pori la zaidi ya kilometa 200.

Mwindaji John Lee, aliyetoa wazo hilo, ndiye aliyetangulia kupima njia. Wapangaji hawakuuliza vijiji viko wapi wala soko liko wapi. Waliuliza mambo mengine: mteremko ni mkali kiasi gani, mito ni mingapi, maji ya mashine yatapatikana wapi, na daraja litabeba uzito gani. Wafanyakazi Wakongo walikata miti, wakajaza mabonde na kujenga madaraja ya miti yapatayo 150.

Safari ilianza Agosti. Mashua zilivutwa na mashine mbili za mvuke, na penye mlima mkali wakasaidia ng'ombe, kamba na nguvu za watu, hadi juu ya meta 1,800. Mashine hizo zilikunywa maji mengi kupita hesabu. Msafara ulipokwama kwa ukosefu wa maji, wanawake wa vijijini waliyabeba vichwani, kwa vyungu, mwendo wa kilometa nyingi, mara nyingine wakati watu wa msafara wenyewe walikuwa na kiu.

Mwishoni mwa Septemba wakafika Sankisia. Kwenye Lualaba maji yalikuwa machache, ikabidi mashua zifungiwe mapipa matupu ili zielee juu zaidi. Kutoka Kabalo zikapanda treni ya reli mpya ya kuelekea ziwani, na Oktoba zikafika Lukuga.

Tarehe 26 Desemba 1915 ziliteka meli ya Kijerumani Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 meli ya Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Mwezi wa Julai Wabelgiji wakaingia Kigoma, na tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Force Publique wakateka Tabora.

Lakini katika vita hivyo sehemu nyingi hazikuwa na barabara wala reli. Pale ambapo hakuna gari lililoweza kupita, mtu ndiye aliyekuwa gari. Wapagazi wa Kongo waliotumiwa katika vita hivyo wanakadiriwa kufika 260,000. Wengi walichukuliwa kwa lazima, na wengi walikufa kwa njaa, baridi na magonjwa, mbali na kwao.

Mkuu wa msafara wa mashua, Spicer-Simson, alipewa nishani. Wanawake waliobeba maji wanatajwa katika masimulizi kama kundi tu, bila majina.

Historia hii inafundisha jambo ambalo familia za mashariki zinalijua kwa miguu yao. Barabara inayopangwa kwa ajili ya jeshi huanza na mzigo wa jeshi na huishia pale mzigo unapofika. Wakaaji wa njiani huhesabiwa kama mikono ya kazi. Kwa hiyo kila barabara mpya inapotangazwa, wana haki ya kuuliza mapema: itapita kwenye shule, soko na hospitali gani, nani atalipwa kwa kuijenga, na nani ataitunza baada ya askari kupita?