Wangepata Kazi Leo? Mafundi wa Kale wa Viwanja vya Gofu

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Dk. Alister MacKenzie alikuwa California akiandika barua za kudai chake. Kiwanja cha Augusta National, alichokibuni kule Georgia pamoja na bingwa Bobby Jones, kilikuwa kimeshafunguliwa na wanachama walikuwa wakicheza. Ada ya awali ilikuwa dola 10,000. Uchumi wa Marekani ulipoporomoka ikapunguzwa hadi 5,000, na mkononi zilimfikia 2,000 tu. Mali yake ilikuwa imewekwa rehani. Akaomba apewe walau dola 500. Januari 1934 akafariki. Machi mwaka huohuo yakachezwa mashindano ya kwanza ya yale yanayojulikana leo duniani kote kama Masters. MacKenzie hakuwahi kukiona kiwanja hicho kikiwa kimeota nyasi.

Wapenzi wa mchezo huu hawachoki kubishana: mafundi wa aina yake wangefufuka leo, soko lingewapokeaje? Wengi hujibu upesi kwamba wangetajirika. Kwa upande wa fedha, pengine ni kweli. Lakini kazi zao kubwa zilisimama juu ya mambo mawili ambayo leo fedha huyapata kwa shida sana: ardhi nzuri na ruhusa ya kuigusa.

Old Tom Morris, bingwa wa mashindano ya Open mara nne na mtunza kiwanja wa St Andrews, Scotland, alikuwa akilipwa pauni moja kwa siku pamoja na nauli. Alitembea juu ya matuta ya pwani, akachomeka vijiti pa kuanzia na pa kumalizia, akapanda treni kurudi kwake. Mchanga, upepo na kondoo walikuwa wameshamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Aliyekuwa na akili ya biashara kuliko wote ni Donald Ross. Seremala huyu wa Dornoch, Scotland, aliyepitia mikononi mwa Old Tom, alihamia Marekani mwaka 1899 na kuacha viwanja vipatavyo 400. Vingi kati ya hivyo aliviona mara moja au mbili, na vingine hakuvikanyaga kabisa. Alichora juu ya ramani za miinuko, wasaidizi wake wakasimamia nyumbu na wafanyakazi. Ofisi ya namna hiyo ingeendelea kupata mikataba hata leo, ingawa mteja wa sasa angenung'unika, maana analipa ili amwone mwenye jina akiwa amesimama kwenye tope. Kiwanja kimoja Ross hakukiacha: Pinehurst No. 2 huko North Carolina. Alijenga nyumba yake kando ya kiwanja hicho na kuendelea kukirekebisha hadi karibu na kifo chake mwaka 1948. Ukitaka kujua muda unafanya nini katika kazi hii, linganisha kiwanja hicho na vile alivyovituma kwa posta.

MacKenzie ndiye anayetupa jibu gumu zaidi. Alikuwa daktari wa Yorkshire, akaenda Afrika Kusini kama daktari wa upasuaji katika vita vya Waingereza na Makaburu. Huko alitazama jinsi Makaburu walivyojificha kwenye mahandaki yasiyotofautishwa na ardhi iliyoyazunguka. Aliporudi akautumia ujuzi huo kwenye banka, yaani mashimo ya mchanga ya kumtega mchezaji: kingo zake zilifuata mikunjo ya vilima, hata mgeni asijue mkono wa binadamu umepita wapi. Mwaka 1926 klabu ya Royal Melbourne ilimwita Australia. Alikaa nchini humo muda mfupi, akazunguka vilabu kadhaa akitoa ushauri, akaondoka na hakurudi tena. Waliobaki kujenga, Alex Russell na mtunza kiwanja Mick Morcom, walifanya kazi kwa plau na masepeto ya kukokotwa na farasi. Kiwanja cha magharibi cha Royal Melbourne kilifunguliwa mwaka 1931, na hadi leo kinahesabiwa kati ya vilivyo bora duniani.

Sasa mpeleke daktari huyo Cypress Point, California, mahali alipofungua kiwanja mwaka 1928. Kwenye shimo la 16 mpira unapigwa juu ya bahari, zaidi ya yadi 200 hadi ng'ambo. Inasimuliwa kwamba Marion Hollins, bingwa wa wanawake wa Marekani wa mwaka 1921 na mwendelezaji wa mradi huo, ndiye aliyeweka mpira chini akauvusha ili kuonyesha kwamba inawezekana. Rasi hiyo ina moja ya misitu miwili tu ya asili iliyobaki ya misaiprasi ya Monterey. Mwaka 1972 wapiga kura wa California walipitisha sheria ya kulinda pwani, ikaundwa tume ya kusimamia ujenzi. Sioni namna yoyote ambayo ombi la kujenga viwanja juu ya rasi ile lingepita leo, hata mwombaji angekuwa MacKenzie mwenyewe. Na tume ingekuwa na haki.

Mpira nao umebadilika. Augusta ya mwaka 1934 haikufika yadi 7,000. Leo imezidi 7,500, kwa sababu mipira na vifaa vya sasa huruka mbali mno. Kila yadi inayoongezwa ni ardhi ya kununua na maji ya kumwagilia. Kisha yakaja matingatinga na wauza nyumba. Kwa miongo kadhaa baada ya vita kuu ya pili, kiwanja kilichorwa kufuata mpangilio wa viwanja vya makazi, na jina la mchezaji maarufu likabandikwa kwenye tangazo ili nyumba ziuzike. Kuanzia mwaka 2006, Marekani ikafunga viwanja vingi kuliko ilivyofungua, mwaka baada ya mwaka.

Waliosalimika katika miaka hiyo ni wanafunzi wa wale wa kale. Bill Coore na Ben Crenshaw walikwenda mbali na miji, kwenye vilima vya mchanga vya Nebraska, wakaona juu ya ardhi hiyo zaidi ya mashimo 130 yanayowezekana, wakachagua 18 na kufungua Sand Hills mwaka 1995. Tom Doak, aliyewahi kuwa kedi, yaani mbeba mfuko wa mchezaji, huko St Andrews, akafungua Pacific Dunes kwenye pwani ya Oregon mwaka 2001. Gil Hanse alipopewa kiwanja cha Olimpiki cha Rio mwaka 2012, aliwashinda washindani waliokuwamo Jack Nicklaus na Gary Player. Coore na Crenshaw ndio waliorudi Pinehurst No. 2 mwaka 2010, wakang'oa ekari zaidi ya 30 za nyasi zilizomwagiliwa na kurudisha mchanga na magugu aliyoyajua Ross. Kumbe kulikuwa na fedha za kulipia kazi ya kuondoa.

Mfano ulio wazi zaidi ni Lido. Charles Blair Macdonald alikijenga kiwanja hicho Long Island, New York, kikafunguliwa mwaka 1917 juu ya mchanga uliovutwa kwa pampu kutoka chini ya maji; hivyo si kweli kwamba wazee wote waliiacha ardhi kama walivyoikuta. Shimo lake la 18 lilitokana na mchoro ulioshinda shindano la jarida la Country Life mwaka 1914, na mshindi alikuwa MacKenzie. Jeshi la majini likauchukua mwambao ule wakati wa vita kuu ya pili, kiwanja kikatoweka. Miaka mingi baadaye, shabiki mmoja alikiunda upya kwenye kompyuta kwa kutumia picha za zamani. Doak na wenzake wakakijenga upya, mkunjo kwa mkunjo, matingatinga yakiongozwa na setilaiti, na mwaka 2023 kikafunguliwa. Ila si New York. Kiko Wisconsin, bara kabisa, kwenye mchanga usio na bahari, kwa sababu huko ndiko ardhi na kibali vilikopatikana.