Dakika mbili na nusu: sinema ya Amin kutoka Paris hadi Koboko

Ni mkutano wa baraza la mawaziri mjini Kampala. Mawaziri wameketi na karatasi zao, wanaandika kila neno la mwenyekiti kama wanafunzi wanaoogopa mtihani. Mwenyekiti, Jenerali Idi Amin Dada, rais wa Uganda, analalamika kwamba wizara ya mambo ya nje haiitetei Uganda vya kutosha huko ughaibuni. Kamera inamtafuta waziri anayehusika, inampata, inatulia usoni pake. Anaitwa Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Msimulizi anatamka kwamba wiki mbili baadaye maiti yake ilikutwa ndani ya Mto Nile.

Kipande hicho kimo katika filamu ya mwaka 1974 ya Barbet Schroeder, Général Idi Amin Dada: Autoportrait. Wapenzi wa sinema duniani wameihesabu kwa muda mrefu kuwa hazina. Kampuni ya Criterion ya New York, inayojulikana kwa kusafisha na kutunza filamu za kitambo, iliitoa kwenye DVD mwaka 2002 na kuipa namba 153 katika orodha yake. Kisha, tarehe 8 Aprili 2019, kampuni hiyo ikafungua Criterion Channel, huduma ya kutiririsha sinema za zamani na zile za kisanii, yaani zile ambazo hazikutengenezwa kwa kusudi la kujaza kumbi. Ada ilikuwa dola 10.99 kwa mwezi, na hazina ilikuwa ya filamu zaidi ya 1,000.

Huduma hiyo ilizaliwa matangani. Iliyoitangulia, FilmStruck, ilianzishwa Novemba 2016 na Turner Classic Movies wakishirikiana na Criterion, ikafungwa tarehe 29 Novemba 2018 baada ya wenye mali kuamua kwamba wateja wake walikuwa wachache mno. Martin Scorsese na waongozaji wenzake waliandika barua ya kuitetea, lakini mlango ulifungwa vilevile. Criterion wakaamua kujijengea wa kwao.

Mlango huo mpya, hata hivyo, unafunguka Marekani na Kanada tu. Mtu aliyeko Koboko, mji wa West Nile, hata awe na dola hizo mkononi na bando limejaa, hapiti. Anakosa filamu ya Amin, na anakosa pia Touki Bouki ya Msenegali Djibril Diop Mambéty, ya mwaka 1973, ambayo imesafishwa kwa gharama kubwa kwa jina la kuokoa urithi wa Afrika. Mambo ya haki za usambazaji, watasema wanasheria. Ni kweli. Lakini kwa upande wa Koboko jambo hili lina uchungu wa pekee, kwa sababu mtu aliyemo ndani ya filamu ile ni wa kwao. Baba yake Amin alikuwa Mkakwa, kabila la Koboko, na ingawa wanahistoria hubishana kama mtoto mwenyewe alizaliwa Koboko au Kampala, hakuna anayebisha ukoo ulitoka wapi.

Schroeder, mzaliwa wa Tehran aliyekulia katika sinema ya Ufaransa, alikuwa na umri wa miaka 32 filamu yake ilipotoka. Mpiga picha wake alikuwa Néstor Almendros, fundi ambaye baadaye alitwaa tuzo ya Oscar kwa Days of Heaven. Tuzo hiyo alikabidhiwa tarehe 9 Aprili 1979, siku mbili tu kabla majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni hayajaiteka Kampala na kumtimua yule aliyemfuata na kamera miaka mitano nyuma.

Neno autoportrait ni picha ambayo mtu amejichora mwenyewe, na Schroeder hakulichagua kwa mzaha. Amin ndiye aliyepanga mengi ya yanayoonekana. Aliwapeleka wageni kwa mashua mtoni, akawa anawaita tembo na mamba kana kwamba ni askari wake wa gwaride. Aliandaa maigizo ya kuiteka Milima ya Golan kutoka kwa Waisraeli, kwa vifaru, helikopta na wanajeshi wachache wanaopanda kilima. Aliingia bwawani kushindana kuogelea, akakata njia za wenzake, akashinda. Hata muziki wa filamu ni wake: kodiani anaipiga yeye mwenyewe.

Watazamaji wa Ulaya walicheka, na ni vigumu kuwalaumu, kwa kuwa Amin alikuwa na kipaji cha kuchekesha. Ila mtu wa Arua, mji mkubwa wa West Nile, anayeitazama filamu hii na kuifahamu tarehe yake hawezi kucheka pale pale wanapocheka wa Paris.

Mwaka 1974 ulikuwa mwaka mzito West Nile. Februari Ondoga aliondolewa uwaziri, na nafasi yake akapewa Elizabeth Bagaya, binti wa mfalme wa Toro. Machi akauawa. Kabla mwezi huo haujaisha, Brigedia Charles Arube, Mkakwa mwenzake Amin na mmoja wa maofisa wakuu wa jeshi, alijaribu kumpindua rais, na usiku wa jaribio hilo akafa kwa risasi. Kifo cha Ondoga kilikuwa mojawapo ya mambo yaliyowachoma Walugbara na Wakakwa waliokuwa jeshini. Kwa hiyo ile hadithi inayosimuliwa hadi leo Kampala, kwamba utawala wa Amin ulikuwa wa watu wa West Nile dhidi ya Uganda nzima, inapata ufa katika sekunde zile chache ambazo Almendros alizitumia usoni pa waziri mmoja. Schroeder hakueleza kwamba Ondoga alikuwa Mlugbara. Huenda hakuona sababu. Mtazamaji wa Arua haambiwi. Analisikia jina tu, na jina linatosha.

Filamu ilitengenezwa kwa nakala mbili. Moja ilikuwa ya saa moja, ya kuonyeshwa Uganda, nayo ilimfurahisha Amin. Nyingine, ndefu zaidi, ilikuwa ya dunia. Amin aliposikia kwamba nchi za nje zinatazama kitu kingine, alituma watu Uingereza waende sinema na kuandika kila neno lililotamkwa. Alipousoma mwandiko wao alidai baadhi ya sehemu ziondolewe. Schroeder alikataa. Ndipo Amin alipowakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda, karibu 200, akawaweka hotelini huku jeshi limeizunguka, na kuwapa namba ya simu ya nyumbani kwa mwongozaji ili wampigie wamsihi wenyewe. Hiyo ndiyo simulizi ya Schroeder, na Amin hakuwahi kuwa mtu wa kuificha mbinu kama hiyo. Dakika mbili na nusu zikakatwa. Pengo lilijazwa maandishi yaliyomtaja Amin kuwa ndiye mwenye makasi. Vipande hivyo vilirudishwa mahali pake baada ya yeye kuanguka.

Kuanguka kwake hakukuwaletea watu wa West Nile nafasi ya kukaa na kutazama sinema. Oktoba 1980 waliokuwa askari wa Amin walivamia wakitokea ng'ambo ya mpaka, na jeshi jipya la serikali likalipiza kisasi kwa raia. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliojihifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa. Maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Zaire na Sudan, wakaishi huko miaka. Kilichowafuata ni jina la Amin. Mkimbizi wa Arua aliyejitambulisha mbele ya afisa wa nchi nyingine aliulizwa habari za mtu ambaye huenda alimuua mjomba wake.

Wakati huohuo sinema za Amin ziliendelea kutengenezwa mbali na kwao. Mwaka 1981 Sharad Patel, Mkenya, alitoa Rise and Fall of Idi Amin, na Joseph Olita, Mkenya pia, akamwigiza Amin hadi kwenye tukio la kula nyama ya maiti. Hiyo si sinema ya kisanii, kwa kweli. Ni uvumi wa sokoni uliopewa kamera. Olita akarudi tena kuwa Amin katika Mississippi Masala ya Mira Nair, mwaka 1991, safari hii kwa muda mfupi na kwa heshima zaidi kwa historia. Kisha mwaka 2006 ikaja The Last King of Scotland. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili kidogo, akajifunza kodiani, akakutana na ndugu za Amin nchini Uganda, akaondoka na Oscar Februari 2007. Kodiani hiyo asili yake ni filamu ya Schroeder, ambayo mtu anayetaka kumwigiza Amin hana budi kuipitia.

Arua na Koboko sinema zilitazamwa kwenye kibanda. Mtanzania angekiita kibanda umiza: chumba cha mabati au mbao, mabenchi, ubao wa chaki nje unaotangaza picha za siku na mechi ya jioni, jenereta nyuma ikinguruma kuliko spika. Jenereta haikuwa anasa. Kwa miongo mingi West Nile ilikaa nje ya gridi ya taifa, na mtambo mdogo wa Nyagak kule Zombo, wenye megawati 3.5, ulianza kazi mwaka 2012 tu. Mwenye kibanda alihesabu lita za mafuta kabla ya kuhesabu watazamaji, na hesabu hiyo ndiyo iliyochagua filamu. Picha ya ngumi kutoka Hong Kong au ya bunduki kutoka Marekani ililipia mafuta. Makala ya Kifaransa ya mwaka 1974 isingelipia hata kibiriti.

Kibanda kilikuwa na kitu ambacho Criterion Channel haina. Uganda yote inamjua VJ, mtu anayekaa na maikrofoni na kuisimulia filamu ya kigeni kwa lugha ya watazamaji, akiongeza chumvi, akiwapa waigizaji majina ya mtaani. VJ Jingo alijipatia jina kwa Kiganda. Kenya ilikuwa na DJ Afro wake, na Dar es Salaam ikawa na Lufufu. Desturi hiyo ina mizizi mirefu. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa filamu uliokuwa na makao Vugiri, Tanganyika, ulizungusha gari la sinema Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo, maelezo yakitoka kwenye santuri na vipaza sauti kwa Kiswahili na lugha nyingine. Waingereza walitaka kufundisha usafi na kilimo. VJ alichukua nafasi ya santuri, akaachana na somo la usafi.

Filamu ya Schroeder inastahili VJ wa West Nile, anayeweza kuisimamisha kwenye ule mkutano wa mawaziri na kusema: huyu mnayemwona ni wa kwetu, nyumbani kwao ni upande ule, na mwezi aliouawa, Arube naye alikufa. Kiswahili kingefaa sana kwa kazi hiyo. Amin mwenyewe alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na huku kaskazini-magharibi kilikuwa kimekwisha kuzoeleka kambini, sokoni, na katika nyumba za Wanubi. Ni lugha ya kununulia mahindi Ariwara upande wa Congo. Msimulizi wa Schroeder hakupewa lugha hiyo.

Mwaka 2019 ulikuwa na mzaha wake wa kalenda. Criterion Channel ilifunguliwa siku tatu kabla ya kutimia miaka 40 tangu Kampala ilipotekwa. Na arobaini ya huduma yenyewe, ukihesabu siku, iliangukia tarehe 18 Mei, siku ambayo Makumbusho ya Uganda ilifungua maonyesho ya picha za enzi za Amin. Hasi zake, karibu 70,000, zilikutwa mwaka 2015 katika kabati la shirika la utangazaji la taifa, UBC. Ni kazi ya wapiga picha wa Wizara ya Habari waliomfuata rais kila alikokwenda, na nyingi hazikuwahi kuchapishwa. Nazo ni picha za kujichora. Amin anacheza ngoma, Amin anahutubia, Amin anapokea wageni. Vifo havimo, maana hakuna mtumishi wa wizara aliyetumwa kuvipiga. Lakini maonyesho hayo yalikuwa Kampala, na mtu wa Arua angeweza kupanda basi usiku akayaona asubuhi. Hakuhitaji kuishi Toronto.

Katika Koboko ya leo, kibanda kinagombana na simu. Filamu huingia kwenye memori kadi kwa shilingi kidogo, vijana wa duka la simu wakiwa ndio mabwana wa rafu, na bando hutozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Mtu hatazami dakika 90 kwa bando la siku moja. Kwa hiyo sinema ya Schroeder, iliyokwenda Paris ikiwa nzima na Uganda ikiwa ya saa moja, sasa huzunguka vipandevipande. Rahisi zaidi kupata ni kile cha kodiani: jenerali ameishika kifuani, anavuta, anasukuma, anatabasamu. Wenye simu hucheka na kumtumia mwenzao wa Yei, Sudan Kusini, au Ariwara. Meza ya mawaziri haimo katika kipande hicho, wala Ondoga.