Askari wa Bula Matari

Wanafunzi wangu hapa Kpandroma wameipenda sana Ripper Street, tamthilia ya Kiingereza inayoanzia mwaka 1889 mtaani Whitechapel, London. Inspekta Edmund Reid, mtu aliyeishi kweli, anachuchumaa kando ya maiti, anachunguza kucha na matope ya viatu, kisha anakwenda kuhoji majirani mlango kwa mlango. Wananiuliza: mwalimu, polisi wetu wa kwanza nao walikuwa hivyo?

Hapana. Agosti 1888, mwaka uleule mfululizo wa mauaji ya Whitechapel ulipoanza, Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki Kongo, alitoa amri rasmi ya kuunda Force Publique, jeshi la dola ambayo babu zetu waliiita Bula Matari. London ilikuwa na polisi tangu 1829, nao walivalishwa sare ya buluu kusudi wasidhaniwe wanajeshi. Kwetu jeshi lenyewe ndilo lilikuwa polisi. Maofisa walikuwa Wazungu. Askari wa mwanzo waliandikwa Zanzibar na Afrika Magharibi. Hawakuja kumsaka aliyeua jirani yake, maana kesi hiyo wazee walijua kuiamua. Walifuata pembe, mpira, kodi na watu wa kazi.

Huku Ituri ikaongezeka dhahabu, iliyogunduliwa Kilo mwaka 1903. Machifu walidaiwa vijana wa kupeleka migodini, na aliyetoroka kabla ya mkataba kwisha aliwindwa kama mwizi. Alipokamatwa alilazwa kifudifudi mbele ya wenzake, akachapwa kiboko, yaani ukanda wa ngozi ya mnyama wa jina hilo uliokaushwa hadi ukawa na makali. Adhabu hiyo ilidumu hadi miaka ya 1950. Hilo ndilo somo la kwanza la sheria walilopewa babu zetu, na linaniuma kila ninapolifundisha.

Mwaka 1972 Rais Mobutu aliiingiza polisi katika jandarmeri, chini ya jeshi tena. Sheria ya 2011 inasema polisi ni huduma ya kiraia. Lakini Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na kesi za jinai zikahamia mahakama za kijeshi. Kwa hiyo simshangai mama aliyeibiwa mbuzi akienda kwanza kwa chifu.

Vijana mnaotamani kutengeneza tamthilia yetu, wazee walioona kiboko kwa macho yao wamebaki wachache. Nendeni mkawasikilize mwaka huu.