Yr Ysgwrn: Nyumba ya Mchungaji Mshairi

Nje kidogo ya kijiji cha Trawsfynydd, kaskazini mwa Welisi, ipo nyumba ya shamba iliyojengwa kwa mawe, iitwayo Yr Ysgwrn. Humo alilelewa Ellis Humphrey Evans, aliyezaliwa Januari 1887, kifungua mimba wa familia yenye watoto 11. Aliacha shule akiwa na miaka 14, akawa mchungaji wa kondoo wa baba yake huku akitunga mashairi kwa Kiwelisi. Mwaka 1907 alishinda mjini Bala kiti chake cha kwanza cha ushairi, yaani kiti anachotunukiwa mshairi bora wa shindano, na baadaye akajulikana kwa jina la Hedd Wyn.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipopamba moto, sheria ya mwaka 1916 ya kuandikisha watu jeshini kwa lazima ilibisha hodi hata hapo. Mmoja wa vijana wa nyumba ile ilibidi aende. Ellis hakupenda vita, lakini alikwenda yeye ili mdogo wake, Bob, abaki. Juni 1917 alipelekwa Ufaransa na kikosi cha 15 cha Royal Welch Fusiliers. Akiwa kijijini Fléchin alikamilisha shairi refu, "Yr Arwr", yaani "Shujaa", akalituma kwenye shindano la Eisteddfod ya Taifa, tamasha la utamaduni wa Welisi, kwa jina la kujificha. Tarehe 31 Julai, siku ya kwanza ya mapigano ya Passchendaele, aliuawa huko Pilckem, Ubelgiji. Alikuwa na miaka 30.

Septemba 6, mjini Birkenhead, jina la kujificha la mshindi liliitwa mbele ya umati wa Eisteddfod ili asimame, Waziri Mkuu wa Uingereza Lloyd George akiwamo. Hakuna aliyesimama. Ukumbi ulipoarifiwa kwamba mshairi alishafariki, kiti cha mshindi kilifunikwa kitambaa cheusi. Kilikuwa kimechongwa na Eugeen Vanfleteren, mkimbizi kutoka Ubelgiji, nchi ile ile alikozikwa mshindi.

Kiti kilipelekwa Yr Ysgwrn. Kwa miongo mingi jamaa zake waliwakaribisha wageni waliokuja kukiona, hadi mwaka 2012 nyumba iliponunuliwa na mamlaka ya hifadhi ya taifa ya Snowdonia. Kijijini, mwaka 1923, mama yake alizindua sanamu ya shaba ya mwanawe: amevaa nguo za mchungaji, si sare ya jeshi. Uaskari wake ulidumu miezi michache tu. Trawsfynydd ilimkumbuka kwa kazi ya maisha yake yote, na ilifanya haki.