Kutoka A5 hadi Trivium: namba nasibu jirani na Brussels

Wanachama wanaoishi Brussels wanaijua Leuven kama mji wa nusu saa kwa treni, mji wa wanafunzi na wa bia. Huko ndiko Christophe De Cannière na Bart Preneel walikobuni Trivium, kanuni ya kuzalisha namba nasibu za kufungia siri, wakaiwasilisha mwaka 2005. Historia iliyoitangulia inamgusa kila aliyewahi kupiga simu ya mkononi nyumbani.

Tuanze na rejista. Panga visanduku vinne, kila kimoja kikiwa na biti moja, yaani 0 au 1. Katika kila hatua biti zote husogea nafasi moja kulia na ya mwisho hutoka nje. Kisanduku cha kwanza, kilichobaki wazi, hujazwa kwa kulinganisha biti mbili zilizokuwa za mwisho: zikifanana huingia 0, zikitofautiana huingia 1. Anza na 1000, nawe utapita hali 15 ndipo urudi mwanzo. Visanduku 20 vikiunganishwa vizuri hutoa biti 1,048,575 kabla ya kujirudia, na kwa macho zinafanana na matokeo ya kurusha sarafu. Solomon Golomb wa Marekani aliandika kitabu kizima juu ya mifuatano hii mwaka 1967.

Kwa ishara za satelaiti au kwa kupima mitambo, hizo ni nasibu za kutosha. Kwa siri, hapana. Mwaka 1969 James Massey alionyesha njia ambayo kwayo mtu aliyenasa biti 40 tu zinazofuatana kutoka kwenye rejista ya visanduku 20 anaweza kuijenga upya na kutabiri zote zijazo.

Wabunifu wa simu za GSM, huko Ulaya miaka ya 1980, hawakutegemea rejista moja. Kanuni yao, A5/1, ina rejista tatu za visanduku 19, 22 na 23 zinazokwenda kwa kura: kila moja ina kisanduku chake cha kura, na zile zenye biti ya walio wengi husogea, iliyoshindwa hubaki palepale. Kisha wakaificha kanuni yenyewe. Kando yake ikatengenezwa A5/2, dhaifu kwa makusudi, kwa ajili ya baadhi ya nchi za nje ya Ulaya. Wenye simu katika nchi hizo hawakuambiwa, na kwangu mimi hilo ni baya kuliko kosa lolote la hesabu. Mwaka 1999 Marc Briceno, Ian Goldberg na David Wagner waliziweka zote mbili hadharani. A5/2 ikavunjwa karibu mara moja. Mwaka uliofuata Biryukov, Shamir na Wagner wakaonyesha kuwa A5/1 nayo huvunjika kwa kompyuta ya kawaida, baada ya maandalizi makubwa.

Safari hii Ulaya ikachukua njia nyingine. Kwa fedha za Kamisheni iliyoko Brussels, mtandao wa watafiti wa ECRYPT, ulioratibiwa kutoka Leuven, ulifungua mwaka 2004 shindano la eSTREAM: lete kanuni yako, ichapishe yote, na yeyote ajaribu kuivunja. Zilikuja 34, na nyingi zikaanguka njiani. Aprili 2008 Trivium ilikuwa miongoni mwa zilizochaguliwa kwa ajili ya vifaa vidogo.

Nayo ina rejista tatu, za visanduku 93, 84 na 111. Tofauti ni kwamba mahali patatu biti mbili huzidishwa, jibu likiwa 1 pale tu zote mbili zikiwa 1. Vizidisho hivyo vitatu ndivyo vinavyoizuia njia ya Massey. Ufunguo wa biti 80 huingizwa, rejista huzungushwa mara 1152, ndipo biti ya kwanza itoke. Wabunifu walisema wazi kuwa lilikuwa zoezi la kuona kanuni inaweza kurahisishwa hadi wapi bila kupoteza usalama. Huo ni ujasiri: ukiwa na kitu chepesi hivyo, huna pa kuficha udhaifu.

Mwaka 2009 Itai Dinur na Adi Shamir walivunja toleo lililopunguzwa hadi mizunguko 767. Wengine wamesogea mbele zaidi tangu hapo, lakini ile ya 1152 bado haijavunjwa.