Sabuni, reli na kombe lililoipita Tabora

Mwaka huu Kombe la Gossage linatimiza karne moja. Kenya na Uganda zilikutana Nairobi tarehe 1 Mei 1926, zikatoka 1-1, mechi ikarudiwa na Kenya ikashinda 2-1. Hayo ndiyo mashindano ambayo mwaka 1967 yalibadilika kuwa Kombe la Chalenji, na leo tunayajua kwa jina la CECAFA.

Gossage hakuwa gavana wala mchezaji. Lilikuwa jina la kampuni ya sabuni ya Widnes, Uingereza, iliyoanzishwa na mkemia William Gossage. Kampuni ilitoa kikombe, na kwa miaka 40 timu za taifa za ukanda wetu zikapigana vikumbo kugombea jina la mche wa sabuni.

Tanganyika haikuwamo hadi 1945. Orodha za matokeo zinalipita jambo hilo bila kutoa sababu, lakini mimi ramani ya reli inanitosha. Mwaka 1926 Mganda alivuka ziwa kwa meli hadi Kisumu, akapanda treni mpaka Nairobi. Reli yetu ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa njia ile ile ya misafara ya pembe iliyopita Unyanyembe, huku kwetu Tabora: mashariki kwenda magharibi, basi. Tawi la Mwanza lilikamilika 1928. Kijana wa Tabora aliyetaka kucheza Nairobi ama angekata pori kwa miguu hadi Mwanza, ama angeshuka kwanza pwani.

Kwa hiyo mpira wa Tanganyika ulijifungia nyumbani, na huko nyumbani ukazaa ugomvi ambao haujaisha hadi leo. Mwaka 1935 Waafrika wa Dar es Salaam waliunda Young Africans, yaani Yanga. Haukupita muda timu ikaanza kufungwa, lawama zikazagaa, na mwaka 1936 kundi moja likajitenga na kuanzisha Queens. Ukimuuliza mtu wa Jangwani, yaani wa Yanga, atakwambia waliotoka walikuwa wasaliti. Wa Msimbazi, yaani wa ile Queens ya zamani, atakujibu kwamba waliotoka ndio waliokuwa na mpira miguuni, waliobaki walibaki na kelele. Hata jina halikuwatulia hao waliotoka: walianza kama Queens, wakawa Eagles, kisha Sunderland. Ile Sunderland ya kwao Uingereza ilitwaa ubingwa wa ligi 1936 na Kombe la FA 1937, na huku kwetu likabaki jina la timu ya Waswahili hadi 1971, ilipoitwa Simba. Ndugu wawili wakagawana nchi nzima, na Tabora nayo ikagawanyika, ingawa hapakuwa na mtu wetu aliyeulizwa.

Jambo hili wengi hulisahau: ugomvi huo ulikulia Kariakoo, mtaa uliopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita ya 1914–18. Na upagazi ndio uliowapa Wanyamwezi, watu wa huku Tabora, sifa tangu enzi za misafara.

Hapa kwetu miaka hiyo habari ilikuwa Tabora School, shule ya serikali iliyoanza kwa kuwafunza watoto wa machifu. Julius Nyerere aliingia 1937. Lakini mpira wa miaka hiyo hauna pa kukumbukwa: makumbusho ya jengo la Livingstone pale Kwihara tunayo. Ya viwanja vya mpira hatuna.

Tanganyika ilipoingia Gossage 1945 ilikaribishwa na Uganda kwa mabao 7-0. Miaka minne baadaye ikalibeba kombe.

Yaliyofuata kwa mpira wa Tabora yanajulikana: Milambo, kisha Rhino Rangers waliopanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14 na kushuka papo hapo, kisha Tabora United, walioifunga Yanga 3-1 jijini Dar es Salaam tarehe 7 Novemba 2024. Mwaka 2025 klabu ikaenda kwa Mamlaka ya Mapato, ikawa TRA United.

Mwenye fedha aonekane, sikatai; Gossage naye alionekana. Lakini aliandika jina lake kwenye kikombe, Kenya ikabaki Kenya na Uganda ikabaki Uganda. Manispaa ya Tabora ingeweza angalau kuomba neno Tabora libaki mwishoni mwa jina, ili mtu wa Isevya au Cheyo hapa mjini asishangilie ofisi ya kodi.