Miseli: maana, ngeli, na matumizi yake pamoja na asidi, tindikali na uchachu

miseli *nm* [i-/zi-] Kikundi cha molekuli za sabuni, au za dutu nyingine yenye tabia kama ya sabuni, kinachojikusanya chenyewe ndani ya maji, mikia ikielekea ndani na vichwa vikielekea nje.

Asili

Neno linatokana na Kilatini *mica*, yaani punje au chembe, likiwa na kiambishi cha udogoshi. Lilianza kutumiwa na mtaalamu wa mimea Carl Nägeli katika karne ya 19. Mwaka 1913 mkemia James William McBain alilitumia kueleza tabia ya sabuni majini, na maana hiyo ndiyo iliyoenea.

Ngeli

Silabi *mi-* ni sehemu ya shina, si kiambishi cha wingi. Kishawishi cha kuunda umoja *mseli* kinaeleweka, kwa kuwa Kiswahili kilikwisha kuichukua *ki-* ya neno la Kiarabu *kitabu* na kuifanya kiambishi, kikapata *vitabu*. Hata hivyo, katika maandishi ya sayansi inafaa kuandika *miseli hii imekua, miseli hizi zimekua, miseli kubwa*. Si *miseli mikubwa*.

Miseli na asidi

Miseli huundwa na sufaktanti, yaani dutu ambazo molekuli zake zina kichwa kinachopenda maji na mkia wa mafuta unaoyakwepa. Zikiwa chache, molekuli hizo hutawanyika majini au hukaa kwenye uso wa maji. Zikizidi kiasi fulani, kiitwacho *ukolezi kizingiti wa miseli*, huanza kujikusanya.

Katika aina moja ya sufaktanti za asidi amino, mkia wa mafuta huunganishwa na naitrojeni ya asidi amino kwa namna inayoizuia kupokea chaji. Kundi la kaboksili ndilo linalobaki kuitikia asidi. Katika maji yasiyo na asidi nyingi kundi hilo huwa na chaji hasi, hivyo vichwa husukumana na kufanya mkusanyiko kuwa mgumu. Asidi ikiongezwa kidogo kidogo, ioni za hidrojeni huondoa chaji ya baadhi ya vichwa. Msukumano hupungua, ukolezi kizingiti hushuka, na miseli huweza kukua au kurefuka. Asidi ikizidi, karibu vichwa vyote hupoteza chaji, dutu hushindwa kukaa majini, myeyusho huwa na ukungu na mashapo hutua.

Aina nyingine huacha naitrojeni ikiwa huru kupokea ioni ya hidrojeni. Katika asidi kali kichwa huwa na chaji chanya. Katika hali ya besi, chaji hasi. Na katikati hubeba zote mbili, zikisawazishana. Katika eneo hilo la katikati ndipo miseli huundwa kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo sentensi *Asidi huvunja miseli* haitoshi. Mfasiri anapaswa kutaja aina ya sufaktanti na kiasi cha asidi, kisha achague kitenzi: *hurahisisha* kuundwa kwa miseli, *hukuza* miseli, au *hutuisha* dutu kama mashapo.

Asidi, tindikali, uchachu

*Asidi* ni istilahi ya kemia, na ndiyo iliyomo katika *asidi amino*. *Tindikali* hutajwa kama kisawe chake, lakini mazungumzo ya kila siku yameielemeza kwenye kitu kinachounguza. *Uchachu*, kutoka kitenzi *chacha*, ni ladha: ya limau, au ya maziwa yaliyolala.

Tofauti hii inaonekana wazi Makambako, mji ambapo barabara ya Njombe na Songea inaachana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya. Kwa fundi wa malori, tindikali ni maji ya betri. Kwa mkulima wa chai wa Njombe, udongo wenye tindikali ndio unaoustawisha mmea wake. Mwanafunzi naye hufundishwa sayansi kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali, kisha huipokea kwa Kiingereza sekondari. Mwalimu asipomwonyesha kwamba betri, udongo na limau vinaelezwa kwa dhana moja, atakariri istilahi mpya bila kujua kwamba jambo lenyewe alikwisha kulijua.

Jaribio la nyumbani husaidia. Maji ya limau yakitiwa katika maji ya sabuni ya kawaida, povu hufifia na maji hupata ukungu, kwa kuwa sabuni hurudi kuwa asidi ya mafuta. Sabuni hiyo huhitaji pH ya 9 hadi 10 hivi ili ifanye kazi vizuri. Sufaktanti nyingi za asidi amino huvumilia asidi zaidi, na ndiyo sababu hutumika katika visafishaji vinavyokaribia pH ya ngozi, ambayo ni 5 hivi.

Tahadhari kuhusu pH

Kipimo cha pH, kilichoanzishwa na Søren Sørensen mwaka 1909, hushuka asidi inapoongezeka. Tofauti ya namba moja ni sawa na mara 10. *Kiwango kimepanda* bila kutaja kiwango cha nini humpa msomaji maana mbili zinazopingana.

- Epuka: *Kiwango kikipanda, miseli huongezeka.*
- Andika: *Katika sufaktanti hii, pH ikishuka kidogo, yaani asidi ikiongezeka, miseli huanza kuundwa katika ukolezi mdogo zaidi.*

Linganisha: asidi, besi, chacha, povu, sabuni, ukakasi.